Nimeuza Kigoda cha Marehemu, na Mjane Wake Amerudi

Songea, mwezi wa tano, 1909

Mshauri wetu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie huko pwani, na nyuma ya salamu, kabla hazijapumzika na safari, lipo ombi la msaada, maana mimi ni fundi seremala wa miaka arobaini na sita, nina mke mmoja, watoto watano na kibanda cha kazi hapa chini ya boma, na riziki yangu ni kutengeneza vitu vya watu kukalia, lakini mimi mwenyewe huu mwezi wa tatu sasa siwezi kukaa. Nikikaa nasimama, nikisimama naenda mlangoni kuchungulia njia ya Madaba, nikiona mwanamke aliyevaa kaniki anakuja kwa mwendo wa haraka nazunguka nyuma ya nyumba na kujifanya natafuta mbao. Jana nimezunguka mara nne. Mbao nyuma ya nyumba hakuna, na majirani wanajua.

Gazeti lako husomwa hapa na mwalimu wa shule, kwa sauti, barazani kwake, likifika na wapagazi wa Kilwa, nasi tunakusanyika na kuwacheka sana wale wanaokuandikia. Nimewacheka kuliko wote. Sasa zamu imenifika, nakuomba unifichie jina.

Nikueleze kwanza biashara yangu ilivyopanda na kushuka, usije ukadhani mimi ni mdanganyifu wa kuzaliwa. Ufundi niliupata Kilwa kwa Mhindi mmoja aliyenipiga rula ya vidole kila msumari ulipopinda, nikaja Songea nyuma ya msafara nikiwa na tezo, randa, misumeno miwili na majivuno mengi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kitanda cha karani, cha mninga, nikakiundia ndani ya chumba chake ili nisihangaike kukibeba, na karani alipohamishwa tukagundua kwamba hakitoki mlangoni. Karani ameondoka, kitanda kipo mpaka leo. Halafu nikaona nitawauzia Wangoni viti, na nikaunda viti sita kabla sijamuuliza mtu hata mmoja, kumbe hapa kila mwanamume hujichongea kigoda chake kwa gogo moja, kizuri kisiwe kizuri, na hukikalia maisha yake yote, na akifa mwanawe mrithi huketishwa juu yake mbele ya wazee wa ukoo. Nani basi anataka kiti cha fundi? Nikabaki na vinu, mipini ya majembe na makasha ya wasafiri, na nikashukuru Mungu.

Ulipoingia mwaka ule wa vita vya dawa ya maji, asubuhi moja alinijia mama Gaudensi, mke wa mzee Mapunda wa njia ya Madaba, ana kitu kichwani kimefungwa mkeka. Mumewe alikuwa amekwisha kuondoka na wenzake wenye mikuki. Akatua mzigo wake hapa juu ya meza yangu ya kazi.

"Fundi, wewe uko chini ya boma, hapa kwako hapatachomwa. Nitunzie."

"Nikutunzie nini, mama Gaudensi?"

"Kigoda cha baba yao. Akirudi atataka kukaa."

Nikafungua mkeka nikakitazama, nikacheka, Mungu anisamehe. Mshauri, mimi nimeona kazi mbaya, nyingine nimezifanya mwenyewe, lakini kile kigoda kilikuwa kimechongwa kana kwamba mwenyewe alikuwa akikimbizwa. Miguu minne, kila mmoja na urefu wake, na ukikalia kilikuwa kinacheza. Nikamwambia, "Mama, nikinyooshe kidogo miguu?" Akaniangalia vibaya. "Usikiguse. Nimesema nitunzie." Akaenda zake.

Nyumba yake ilichomwa wiki hiyohiyo. Mzee Mapunda hakurudi, wala hakuna anayejua amelala wapi. Gaudensi, mwanawe mkubwa, alichukuliwa kubeba mizigo ya askari, akapelekwa mbali. Mikuki na ngao zote za ukoo zilikusanywa zikapelekwa bomani. Mama akachukua binti zake akavuka Ruvuma kwa Wareno, na sisi tuliobaki tukasema mwanamke yule hatutamwona tena, maana wengi walivuka na wachache walirudi.

Na mimi kwa mwaka ule, aibu kusema, nilikuwa na kazi tele, milango na makasha kila siku, nikanenepa kidogo. Ndipo siku moja nikapata akili ya biashara ambayo naijutia mpaka sasa. Nilikitoa kile kigoda kwenye mkeka nikakiweka mlangoni pangu, kando ya kiti changu kizuri cha mninga, ili kila mteja anayepita aone tofauti ya kazi ya fundi na kazi ya mtu asiye fundi. Watu walicheka. Nilikuwa nikikikalia mbele yao na kukichezesha huku na huku ili wacheke zaidi. Mke wangu Mwamvua akaniambia, "Baba Iddi, kile ni cha mtu." Nikamjibu, "Mwenyewe hayupo, na hata angekuwepo angeona aibu."

Halafu ikaja njaa. Uliisikia huko pwani, sisi tuliila. Nani atanunua kinu wakati hakuna cha kutwanga? Vinu vitatu nilivipasua mwenyewe vikawa kuni za kuchemshia ming'oko, ile mizizi ya porini, nao wanangu walikuwa wanalia usingizini. Katikati ya hali hiyo akapita Mzungu mmoja msafiri, si wa boma, anakwenda Nyasa na wapagazi wake, na kazi yake ni kukusanya vitu vya kale apeleke kwao Ulaya. Nikatoka mbio na kiti changu cha mninga. Akakipita kama anayepita kisiki. Akainama mbele ya kigoda cha mzee Mapunda, akakigeuza, akakinusa, akapapasa ile miguu yake mibovu, macho yanameta.

"Cha nani?" akauliza mkalimani wake.

Hapa ndipo ulimi wangu wa sokoni ulipotangulia akili. "Cha mkubwa mmoja," nikasema.

"Mkubwa sana?"

"Sana."

Akanipa mizigo miwili ya mchele, mizima, kutoka vichwani mwa wapagazi wake. Akakifunga kigoda kikaratasi mguuni, akaandika, akaenda. Sikumuuliza hata jina. Mchele ule tuliula Mwamvua akiupima kwa kikombe cha kahawa, na tuliwagawia majirani kwa sababu harufu ya wali haifichiki mwaka wa njaa, hata Remigi, mdogo wake marehemu Mapunda, alikuwa anakuja na bakuli lake kila Ijumaa, akila na kuniambia mchele wangu una mchanga. Wanangu wote watano wako hai. Hilo pia nakuambia ili ulipime.

Sasa biashara imepanda tena, watu wanarudi, nyumba zinajengwa, kila mtu anataka mlango na mpini wa jembe, nami nilikuwa naanza kujiona mtu, mpaka mwezi wa pili mwaka huu niliposikia hodi nikainua kichwa nikamwona mama Gaudensi amesimama mlangoni, amekonda, nywele zimeingia mvi, anatabasamu.

"Shikamoo, fundi, maana umezeeka," akanitania.

"Marahaba, mama, karibu, umerudi?"

"Nimerudi. Na Gaudensi naye amerudi, mguu mmoja mbovu lakini amerudi. Wamenibatiza huko misheni, sasa naitwa Kasiana. Je, kigoda cha baba yao kipo?"

Mshauri, nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli, nafasi pana kama mlango wa boma. Nikasema, "Kipo. Nakitia mafuta. Njoo kesho."

Wewe ni mtu wa kalamu, huenda hujui, lakini sisi mafundi tuna neno letu hili la kesho, tunalisema hata kabla hatujasikia mteja anataka nini, linatoka lenyewe kama kupiga chafya. Akaja kesho. Nikamwambia mafuta hayajakauka, njoo kesho. Akaja. Nikamwambia msimu wa mvua mafuta hukawia, njoo kesho. Miezi mitatu, mshauri! Na hakasiriki. Anakaa kwenye gogo langu la kupasulia, anapumzika, ananisimulia. Siku moja aliniambia, "Unajua, fundi, kile kigoda kilikuwa kinagonga. Mume wangu akisogea tu, ko, ko, sakafuni. Nikiwa jikoni nilijua yupo, na kwa namna kinavyogonga nilijua amekasirika au anacheka. Kule kwa Wareno usiku niliota mlio ule." Mimi nilikuwa nimeshika patasi, nikajikata kidole.

Kwa nini anakitaka upesi ni hivi. Mwezi wa nane, wakishavuna, ukoo utakaa na Gaudensi ataketishwa kumrithi baba yake. Kaburi hakuna, mkuki hakuna, ngao hakuna. Kitu cha marehemu kilichobaki duniani ni kigoda kile. Naye Remigi, ambaye nyumba na mashamba ya kaka yake ameyashika tangu vita, anazunguka akisema kigoda hakipo, kwamba shemeji yake alikibeba akakiuza ng'ambo kwa muhogo, na mwanamke aliyeuza kigoda cha mumewe amejitoa mwenyewe nyumbani, yeye na watoto wake. Kigoda kisipoonekana siku hiyo, mama hana nyumba, na Gaudensi na mguu wake atakuwa mtu wa kutumwa na baba mdogo.

Remigi alikuja hapa wiki iliyopita. "Fundi, shemeji anasema kiko kwako. Hebu nikione."

"Hakiwezi kutoka," nikasema, "nimekitia gundi, kimebanwa."

Akanitazama. "Kigoda cha gogo moja kinatiwa gundi wapi?"

Miaka thelathini ya ufundi, mshauri, na huo ndio uongo nilioupata. Akaondoka anacheka, na sasa mjini anasema hata fundi anajua hakipo, anamwonea huruma tu yule mama.

Basi nikaamua kuchonga kingine. Nilidhani ni kazi ya siku mbili. Nimechonga vitano. Cha kwanza kilitoka kizuri mno. Cha pili nilijikaza nikakiharibu, kikatoka kizuri kilichoharibika, mtu yeyote anaona. Cha tatu nilikichonga nimefumba macho. Cha nne nilimpa Mwamvua achonge mguu mmoja, akanitupia tezo. Cha tano ndicho kilichokaribia, nimekifukiza juu ya moto wa jikoni mpaka kimekuwa cheusi, nimekipaka mafuta ya mbarika na masizi, kinafanana na kile kama ndugu. Lakini hakigongi. Nikikalia kinanyamaza. Nikikata mguu huu kinainama, nikikata ule kinanyooka, na kugonga hakigongi. Mkono wangu uliokosea maisha yake yote umekataa kukosea safari hii. Mwamvua ananiambia, "Unakaa unakifukiza moshi kama kambare, utamwambia nini yule mama akikikalia?" Nikamjibu kwamba atakayekikalia ni mwanawe. Akarudi kwenye chungu chake.

Nakuuliza basi, mshauri wangu. Nikimpa hiki cha tano, Remigi atanyamaza, mama atapata nyumba yake, Gaudensi atakaa, na dhambi itakuwa yangu peke yangu mimi na Mola wangu. Nikisema kweli, Remigi atasema si niliwaambia kigoda hakipo, mama atapoteza nyumba, na mimi nitapoteza wateja, maana nani atampa fundi wa namna hii kitu cha kutengeneza? Naona kama uongo ndio wenye huruma zaidi, lakini mbona siwezi kukaa? Nijibu upesi, huku kwetu gazeti linafika kwa miguu.

Ni mimi fundi wa chini ya boma, Songea.

* * *

MSHAURI ANAJIBU

Fundi wangu,

Barua yako imefika ikiwa na unga wa mbao katikati ya karatasi, nimepiga chafya mara mbili na mara zote mbili nimekufikiria. Umeniomba nikufichie jina. Nimekuficha wewe na wote uliowataja, majina haya wanayosoma wenzetu ni ya kwangu. Lakini tusidanganyane, kazi hiyo umeizoea mno: Songea mna maseremala wangapi chini ya boma, wenye kuzunguka nyuma ya nyumba mara nne kwa siku? Mwalimu wenu akifika mstari wa tatu, baraza zima litageuka kukutazama.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Jibu hili nimekutumia kwanza kwa mkono, na wapagazi wa mwezi wa sita. Litachapishwa katika toleo la mwezi wa nane, litakalofika kwenu baada ya siku ya ukoo. Una majuma manane peke yako na ukweli huo. Baadaye atakuwa nao kila mtu. Usiniambie ni ukatili. Wewe na neno lako la kesho msipowekewa ukuta mtatembea mpaka kiyama.

Sasa nikupe haki yako kabla sijakuvuta sikio. Hukumuua mtu. Uliona watoto wanalia kwa njaa ukauza kitu cha mtu uliyedhani amekufa. Mimi nina watoto, na mwaka ule ningeuza kigoda, na meza, na gazeti hili, na pengine mhariri wake. Kwa mchele ule sikuhukumu. Ninachokuhukumia ni mambo mawili. La kwanza, uliiweka amana mlangoni ichekwe. Kitu ulichopewa kukitunza ukakifanya kinyago cha kuuzia viti vyako! La pili, mwanamke ametembea miezi mitatu akija kwako kwa imani, na kila siku umemrudisha nyumbani kwa uongo mdogo mdogo, huku shemeji yake akijenga uongo mkubwa juu ya ukimya wako. Unasema dhambi itakuwa yako peke yako. Tazama vizuri: anayeitwa mwizi Songea leo ni nani, wewe au yeye?

Kigoda chako cha tano kitakuwa kitanzi. Mama yule alimtambua mumewe kwa mlio wa kigoda, akiwa jikoni, kwa miaka yote hiyo. Unadhani siku ya ukoo atasikia nini Gaudensi akikaa na pakawa kimya? Atajua papo hapo, mbele ya watu wote, na itambidi achague: anyamaze nawe katika uongo, au apige kelele na apoteze nyumba. Unataka kumtupia yeye mzigo ulioshindwa kuubeba wewe, na unauita huruma. Mkeo alikwambia hayo karibu na jiko. Umeoa mshauri mzuri kuliko mimi, na hakutozi hata stempu.

Basi sikiliza, na ufanye kwa mpangilio huu.

Kesho, na hii iwe kesho ya watu wengine, ile inayofika, usimngoje aje. Wewe uende kwake, asubuhi, njia ya Madaba, kwa miguu yako, na Mwamvua aende nawe. Usibebe kigoda chochote. Usianze na njaa, wala watoto wako, wala Mzungu. Anza hivi: "Mama, kigoda cha mume wako nilikiuza." Kisha unyamaze. Akilia, unyamaze. Akikupiga, upigwe. Akikufukuza, uondoke, urudi kesho yake. Usiombe msamaha siku ya kwanza, maana ukiomba utamlazimisha akujibu, naye ana mengine ya kufikiri.

Siku ya ukoo, kabla hawajagusa pombe, omba ruhusa kwa wazee usimame. Wewe ni mgeni na si mnywaji, watakusikiliza kwa kushangaa. Sema mama huyu alikukabidhi kigoda kwa mkono wake, asubuhi fulani, kimefungwa mkeka, akakukataza hata kukigusa miguu. Sema hakukiuza yeye, hakuvuka nacho mto, uliyekiuza ni wewe, kwa mizigo miwili ya mchele. Mwamvua ashuhudie. Halafu useme neno hili moja ambalo nimelikuta katikati ya barua yako limekaa kama mtu asiyejijua ana thamani: "Mchele ule tuliula wengi. Aliyeula asimame."

Usimtaje mtu. Usimtazame mtu. Subiri tu. Majirani zako watasimama mmoja mmoja, kwa sababu watu wakiulizwa mbele ya wenzao waliowaona na mabakuli yao hawana la kufanya. Na Remigi atabaki amekaa peke yake kwa muda, Ijumaa zote zile zikimpita machoni, mchanga na yote. Amekula kigoda cha kaka yake, fundi. Alikila yeye akashiba, wakati shemeji yake anachimba mizizi kwa Wareno. Mwanamume aliyekila hawezi kumfukuza mwanamke kwa kosa la kukiuza. Mimi si Mngoni, sijui wazee wenu watahukumu vipi mashamba, na sikuahidi. Lakini najua watu wazima wakiona aibu mbele yao wanaijua sura yake.

Kuhusu kigoda chenyewe, kimekwenda. Waandikie wakubwa wa boma uulize habari za msafiri yule ikiwa utapata utulivu, ila usimwambie mama kwamba kitarudi, kwa maana hiyo itakuwa kesho nyingine. Huko Ulaya mzee Mapunda sasa ameandikwa kwenye kikaratasi kuwa mkubwa sana, kwa ulimi wako, na watu wanapita mbele ya kigoda chake wamevua kofia. Hao wanaovua kofia hawajui kilikuwa kinagonga. Nyumbani kwake wanajua.

Na vile vitano ulivyochonga, usivichome. Vipeleke sokoni, wewe ni mfanyabiashara. Hata kile cha moshi, useme kimefukizwa kuzuia mchwa. Hiyo itakuwa kweli.

Sasa la mwisho, na hili umeniambia mwenyewe bila kujua. Umesema kila mwanamume wa huko hujichongea kigoda chake, kizuri kisiwe kizuri. Mzee Mapunda alikichonga chake. Gaudensi amerudi na mguu mmoja mbovu lakini hukuniambia ana mkono mbovu. Mpelekee gogo la mninga, zuri kuliko yote uliyonayo, lile unalolificha kwa ajili ya mteja tajiri, sisi tunawajua nyinyi. Mwachie tezo yako. Achonge mwenyewe, kiwe chake na si cha baba yake, nyumbani kwa mama yake, siyo kwako. Mama aketi jikoni na aendelee na kazi zake. Wewe kazi yako itakuwa kunoa tezo asubuhi na kukaa mbali.

Kitatoka kibaya, fundi, nakuonya mapema, na utaumia. Mguu mmoja utakuwa mfupi, utaona kwa jicho lako kwamba kipande kidogo tu, ukucha mmoja, ungeondoa pale kingetulia. Mkono utakuwasha. Ndiyo sababu nataka kabla hujaenda ulitie randa lako kashani, ulifunge, na ufunguo umpe Mwamvua. Acha kijana akae, asogee, anyanyuke, akate tena, akae tena. Wewe huna sauti katika kazi ile. Mwenye kusema basi ni yule aliye jikoni, siku atakaposikia ko, ko, akaacha anachokoroga.

Hapo wewe rudi nyumbani kwako, uchague kimoja kati ya viti vyako vizuri visivyonunuliwa, ukae.